Kiingereza changu kilinyookea mlimani, sio darasani

Mkuu mleta uzi, umesema una diploma, barua ya Kiingereza unaandika safi kabisa, ila ukikaa mbele ya mgeni maneno yanakwama kooni, na unauliza ukasome kozi gani. Kozi sizijui. Nakupa kilichonitoa mimi.

Nilianza kama mgumu, yaani mbeba mizigo, Kilimanjaro njia ya Marangu. Msingi nimesoma kwa Kiswahili, form one ghafla kila kitu Kiingereza, wengi mnaijua ile shughuli, unakariri mpaka mtihani uishe halafu basi. Nikatoka form four na Kiingereza cha insha, "I would like to take this opportunity" nilikuwa naimwaga kama maji, lakini kumwambia mtu afunge begi vizuri mvua inakuja, sina maneno.

Baadaye nikapanda kuwa msaidizi wa guide (siandiki "gaidi", mtanielewa vibaya). Safari yangu ya pili tu, tuko kambi ya Kibo, ya mwisho kabla ya kilele, mita 4,720, guide mkuu kashuka na mgeni aliyezidiwa na kichwa, akaniachia brifingi ya usiku wa kwenda kileleni. Nikasimama kifua mbele nikawaambia "we wake up at five". Kichwani mwangu saa tano usiku hiyo, si ndio saa ya kuamka ili saa sita mtoke. Wenyewe wameelewa alfajiri! Nimeenda kugonga mlango, mama mmoja wa makamo akaamka anatetemeka akijua kuna mtu kafa, mwingine soksi haoni, maji ya chupa hajajaza, tumechelewa karibu lisaa lizima na baridi ile. Nilitamani ardhi ipasuke.

Toka siku hiyo nikaacha kuuliza "do you understand?" maana hilo swali kila mtu anajibu yes, hata mimi darasani nilikuwa najibu yes. Sasa namgeuzia, what time will you wake up? Akinijibu mwenyewe ndio najua imeingia au haijaingia.

La pili, na hili ndio limenisaidia kuliko yote, nikiwa natembea nilianza kujisemesha kimoyomoyo kile ninachokiona. Jiwe limeloa. Jamaa wa mbele kachoka. Wingu limefunika kilele cha Mawenzi. Sentensi fupi fupi za kitoto, kwa Kiingereza, kutwa nzima, nikikwama neno naliuliza jioni. Kuna wakati sauti ilikuwa inatoka wenzangu wakaanza kuniita chizi, sawa tu. Faida yake ni kwamba huanzi na Kiswahili halafu uhamishe, unaanza na kitu chenyewe kilicho mbele ya macho.

Mfano, kule juu ya kambi ya Horombo kuna ile miti minene ya ajabu yenye kichwa cha majani, majani yakikauka hayadondoki, yanabaki yamelizunguka shina na kulikinga na baridi. Mgeni kaniuliza hiyo nini, jina la kitaalamu sina, nikamwambia "this tree is cold, so it keeps its old leaves, like a sweater". Akacheka akatoa daftari akaandika! Hewa ya juu nayo naelezea kwa pakiti ya krispi, pale getini imelala, ukifika Kibo imevimba kama mpira, namshikisha aibonyeze, namwambia hewa iliyomo ndani ni ya kule chini, ya nje huku ni nyepesi, ndio maana unahema. Hapo sijatumia neno gumu hata moja.

Halafu kuna vitu vya Kiswahili vinajipenyeza bila kubisha hodi. Mgeni akijikwaa nilikuwa nasema "sorry" kwa maana ya pole, siku moja mzee mmoja akaniuliza kwani wewe ndio umenisukuma? Siku hizi nasema "are you okay?" yanaisha. Na ile "I'm coming" huku unaondoka, acha kabisa, mtu atakusubiri akiwa amesimama. He na she ndio usiseme, sisi yeye ni yeye tu, mpaka leo nikiwa nimechoka namwita mke wa mtu he.

Kuna mdau hapo juu kaongelea lafudhi. Wageni wangu wengi ni Wajerumani na Wajapani, na wao Kiingereza wamekikuta shule kama sisi, ukiongea haraka ili uonekane unajua wanakupoteza hapo hapo. Nilijirekodi kwenye simu nikasikia navyokimbiza maneno, aibu nimeona mwenyewe. Nikapunguza spidi, basi.

Saa ndio bado siziamini. Mpaka leo navua saa ya mkononi naweka kidole kwenye kumi na moja, nawazungushia wote meza nzima waone.