Mnauliza bei, hamuulizi saa

Shule zimefungwa, baridi ya Juni imeingia, na maswali ya matembezi yamemiminika. Yanayofanana nimeyajibu kwa pamoja. Yale ya "bei gani?" tupu yalikuwa mengi mno, kwa hiyo nimechukua moja kwa niaba ya ndugu zake.

Ngorongoro ni shilingi ngapi? (Msomaji, Sakina)

Kwa nani? Lini? Mko wangapi, mna gari gani, mnalala au mnarudi? Swali hili huletwa kila wiki, na kila wiki huja bila hata moja kati ya hayo. Haya, nijibu kinachojibika. Raia mwenye kitambulisho analipa kwa shilingi, na kiasi chenyewe ni kidogo mno ukilinganisha na dola anazotoa mgeni. Kwa hiyo si kiingilio kinachowashinda. Kinachomeza hela ni gari. Kreta, lile shimo kubwa la volkano wanamokaa wanyama, haishukwi na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne, Noah ya shemeji itaishia ukingoni mkipiga picha za ukungu. Juu ya kiingilio cha kila mtu kuna ada ya gari kushuka. Land Cruiser moja mkiwa sita au saba inalipika. Mkiwa wawili, mtalia.

Mjue pia kwamba Ngorongoro ina mamlaka yake, haiko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Mnaotaka kuunganisha mpaka Serengeti kwa barabara mnapita ndani ya Ngorongoro, kwa hiyo mnalipa huku na huku. Malipo ni kwa namba ya malipo ya Serikali, kwa simu au benki. Akitokea kijana anayetaka "umtumie yeye kwanza" halafu risiti itafuata, mwacheni na simu yake.

Sasa mbona hakuna aliyeuliza saa? Arusha mpaka lango la Lodoare ni mwendo wa kama saa tatu. Anayetoka Arusha saa 2 baada ya chai anafika chini ya kreta jua likiwa utosini, simba wamelala, faru ni doa jeusi ng'ambo ya uwanda. Laleni Karatu, muwe langoni saa 12 asubuhi. Na mkifika Ngoitokitok, pa kupumzikia kule chini, kuleni ndani ya gari. Mwewe wa pale hawapigi kelele. Wanashuka kwa nyuma, juu ya bega, na nimemwona bwana mzima akibaki ameshika karatasi ya kufungia kuku, kuku mwenyewe yuko angani. Na twiga msimtafute kreta, hawashuki kule.

Mtoto wa mdogo wangu anakuja Julai na wenzake kutoka Marekani. Kwao ni likizo ya joto, wamefungasha kaptula. Niwapeleke wapi siku tatu nisiaibike? (Mama mkubwa, Shanty Town)

Shikamoo mama. Kabla ya yote watumie ujumbe leo: masweta, na viatu visivyoteleza. Julai ya Moshi si Julai yao, na huko juu Uru na Marangu manyunyu yanaweza kushinda kutwa.

Siku ya kwanza Materuni. Maporomoko yale yana urefu wa mita 80 hivi na njia ya kuyafikia inapita mashambani, chini ya migomba na mibuni, kwa hiyo hata kutembea kwenyewe ni matembezi. Lipieni ofisi ya kijiji, chukueni risiti na mtu wa kuwaongoza. Wapo watakaokwambia wewe ni mwenyeji huhitaji mwongozaji. Mwenyeji wa Shanty Town si mwenyeji wa Materuni, mama, na mawe ya karibu na maji yana utelezi. Mkirudi, wapate kahawa ya palepale: inakaangwa kwenye chungu, inatwangwa kinuni kwa nyimbo, inapepetwa, inachemshwa, wote wakiwa wamekaa wanaangalia. Hapo ndipo wageni hunyamaza kidogo na simu zao. Mbege, pombe yetu ya ndizi, waonje, wasishindane.

Siku ya pili Marangu, na hilo nimelijibu hapo chini kwa kijana wa Pasua. Wasiotaka kupanda wabaki kwenye maporomoko ya Kinukamori. Siku ya tatu chemchemi za Chemka, huko tambarare jua lipo na kaptula zao zitapata kazi. Ila soma kwanza nilichomjibu baba wa Ngaramtoni.

Mlima unaonekana saa ngapi? (Wengi)

Alfajiri mpaka kama saa 3 asubuhi, halafu tena jioni kabla jua halijazama, Mungu akipenda. Katikati hapo mawingu yanaufunika. Mgeni anayeamka saa 4 ataondoka akiamini Kilimanjaro ni uzushi wa Wachaga.

Chemka kina chake ni kipi? Watoto wangu wawili hawajui kuogelea ila nimewanunulia maboya ya kupuliza. (Baba, Ngaramtoni)

Yarudishe dukani.

Maji ya Chemka ni maangavu kupita kiasi, na hapo ndipo hatari ilipo. Unaona mchanga chini, unaona mizizi ya mikuyu, unaona vile visamaki vinavyokuja kudonoa nyayo, macho yanakwambia ni ya kiunoni. Siyo. Yapo maeneo yanayompita mtu mzima, na wanaoruka kwa kamba hawagusi chini. Upande maji yanakotokea kuelekea mtoni kuna mkondo, hauonekani kwa juu lakini unavuta, na boya la kupuliza lenye mtoto ndani linakwenda nao kwa upole kabisa. Boya halimfundishi mtoto kuogelea, linampeleka tu mahali ambapo hawezi kurudi.

Watoto wakae kwenye kina kifupi, na mtu mzima mmoja awe majini nao akiwa hana simu wala chupa. Mmoja, mwenye jina. Mkisema "tutawaangalia wote" hakuna anayeangalia. Msitegemee kwamba kuna mwokoaji.

Na saa, tena. Tokeni Arusha giza halijaisha vizuri, mkunje kona Boma Ng'ombe, mfike saa 2. Barabara ya vumbi kutoka Boma gari dogo linapita wakati wa ukavu, mvua ikinyesha msijaribu. Saa 2 mtakuta maji yametulia na mbayuwayu wanakunywa. Kuanzia saa 6 Jumapili zinaingia Kosta zenye spika, na kumtafuta mtoto kwa macho kwenye umati ule ni kazi nyingine.

Na Ziwa Chala je, tunaweza kuogelea? (Kikundi cha vijana, Himo)

Hapana. Ni shimo la volkano lililojaa maji, kuta zake zinateremka wima, nusu yetu nusu ya Kenya. Mwaka 2002 binti mmoja Mwingereza aliuawa na mamba upande wa Kenya, baada ya watu kuaminishana kwamba mamba hakuna. Kaeni juu, pigeni picha, kuleni. Panapendeza kweli kweli, na rangi ya maji haibadiliki kwa ninyi kutolowa.

Kaka, nafanya mazoezi ya gym mwaka wa pili sasa. Naweza kugusa kilele cha Uhuru na kurudi siku hiyohiyo? (Kijana, Pasua)

Mdogo wangu, Uhuru ni mita 5,895. Ugonjwa wa mwinuko haupimi kifua chako wala haujali unanyanyua kilo ngapi. Wenye misuli ndio mara nyingi wanaopanda haraka, na wanaopanda haraka ndio wanaoshushwa kwa machela. Kilele kwa njia ya Marangu kinauzwa kwa siku tano au sita. Chukua sita, hata kama wakala anakusifia kwamba "wewe ni Mchaga, tano zinakutosha". Yohani Lauwo anayetajwa kumwongoza Hans Meyer, yule Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889, alizaliwa palepale Marangu, na hata wao walikwenda kwa siku, hawakwenda kwa saa.

Siku moja inakutosha kufika kambi ya Mandara, mita 2,720, kutoka lango la Marangu lililo karibu mita 1,880. Kupanda ni kama saa tatu ndani ya msitu, kuna mbega njiani, na ukiwa na pumzi unasogea mpaka kreta ya Maundi. Lazima uwe na mwongozaji. Uwe langoni saa 2 asubuhi. Ukija saa 5 umeshajinyima Maundi. Na mwongozaji umlipe kilicho chake, usianze kumpunguzia kwa sababu mnaongea lugha moja.

Tupo kina mama 14 wa kikoba, tuna Kosta, tunataka hifadhi ya wanyama kwa siku moja, bajeti ndogo. (Katibu, Kijenge)

Hongereni kwa kuandika idadi na gari, mmewashinda wengi. Nendeni Hifadhi ya Taifa Arusha. Mnakunja Usa River, na kabla kiti hakijapata joto mko kwenye twiga na nyati. Msitu wa Ngurdoto una mbega weusi kwa weupe, kreta yake mnaiangalia kwa juu tu, hairuhusiwi kushuka. Maziwa ya Momella yana flamingo. Simba hawapo, kwa hiyo asiwepo wa kulalamika jioni kwamba hakumwona. Mkitaka kutembea kwa miguu, ombeni askari mwenye bunduki pale Momella. Msishuke wenyewe kwenye gari kwa ajili ya picha ya sare. Nyati wa pale anaonekana kama ng'ombe wa jirani mpaka anapogeuka.

Vitambulisho vya NIDA vyote 14 mkononi. Spika libaki nyumbani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo maandazi yapakieni kwenye ndoo. Halafu, katibu, nakuomba wewe binafsi: ukitangaza "saa 12 kamili", gari liondoke saa 12 kamili. Kikoba kina faini ya anayechelewa kurejesha, kiweke na ya anayechelewa safari. Nimeona vikundi vinavyozunguka mtaa hadi mtaa kumchukua mmoja anayemalizia kusuka, langoni wanaingia saa 6, na saa 12 jioni hifadhi inafunga.

Pesa zikipungua kabisa: Ziwa Duluti pale Tengeru, mzunguke kwa miguu, halafu mjini kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha. Azimio lenyewe la 1967 wanalitaja wote, waliowahi kuingia mle ni wachache.

Manyara nitaona simba juu ya mti?

Wakipanda.

Moshi mpaka Lushoto, kwenda na kurudi siku moja, inawezekana? (Mchumba mtarajiwa, Majengo)

Hapana. Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita 33 za kona, na mandhari ya Irente haifai kuangaliwa huku mnatazama saa. Lala. Kama wazazi wa binti hawaruhusu kulala, hilo si swali la utalii.

Tarangire mwezi wa nane, nivae nini? (Msomaji, Sanawari)

Usivae bluu iliyokoza wala nyeusi, mbung'o wanazifuata rangi hizo. Agosti ni wakati wake hasa, maji yamekauka kwingine na tembo wanateremka mtoni kwa makundi. Toka Arusha saa 11 alfajiri.

Vinywaji vinaruhusiwa kwenye Kosta? (Mwenyekiti wa kamati, Kiborloni)

Abiria wapatane wenyewe. Dereva hapana, hata moja, hata "ya kusindikizia nyama". Barabara ya Moshi na Arusha jioni ya Jumapili ina malori, bodaboda zisizo na taa na wenzenu waliotoka Chemka.