Kikao kimepitisha, wanachama hawakutaka: ilikuwaje?

Swali: Mimi ni katibu wa kikoba hapa Kibaigwa, tuko wanachama 30. Wakati wa mavuno mwenyekiti alileta wazo tutoe akiba yote tununue alizeti, tuiweke ghalani, tuuze bei ikipanda. Nilipoitisha mikono, yote ilinyooshwa, na wangu ukiwemo. Bei imeshuka. Sasa kila ninayekutana naye sokoni ananiambia alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo, na kweli hata mimi nilikuwa nao. Imekuwaje watu wazima tukapitisha jambo tusilolitaka? Kikao kijacho tunaamua tuuze kwa hasara au tusubiri. Tufanyeje?

Jibu: Dada katibu, poleni sana. Wenzako wanaosema walikuwa na wasiwasi, waamini. Hali iliyowapata imeshapimwa.

Mwaka 1951 mwanasaikolojia wa Marekani, Solomon Asch, alichapisha jaribio lake la mistari. Wanafunzi wa chuo walitakiwa kutaja mstari upi unalingana kwa urefu na mwingine, na jibu lilionekana wazi. Mtu akijibu peke yake, alikosea chini ya mara 1 kati ya 100. Akikalishwa na kundi lililopangwa kwa siri kutaja mstari usio sahihi, majibu kama 37 kati ya 100 yalifuata kundi. Baadaye Asch akabadilisha idadi ya wanaompinga. Mpinzani akiwa mmoja, mtu hakutikisika sana. Wakiwa wawili, alianza kuyumba. Wakifika watatu, nguvu ya kundi ilikuwa karibu imekamilika. Kwa hiyo mwenyekiti, mweka hazina na mzee mmoja anayeheshimika wakishasema ndiyo, kura za waliobaki zimeshaegemea upande mmoja kabla hujaitisha mikono.

Na wale wanafunzi hawakuwa na cha kupoteza. Ninyi mnacho. Anayeleta wazo huenda ndiye aliyesimamia mapishi kwenye msiba wa mama yako. Mwezi ujao unaomba mkopo wa ada, na watakaoujadili ni haohao. Katika kundi lenu dogo la watu watano ndani ya kikoba mnadhaminiana. Mmoja akikwama kwenye marejesho, wanne mnabeba. Kumpinga mtu wa namna hiyo mbele za watu ni gharama, na kila mmoja aliipiga hesabu hiyo kimoyomoyo. Juu ya hapo kuna shaka ya kweli: "Hawa wote wamekubali, labda wanajua kitu nisichokijua mimi." Kila aliyenyamaza akauchukua ukimya wa jirani yake kuwa ni imani katika wazo lile. Mimi naona umoja wa kikoba ni mali kubwa, na sitaki muupunguze. Kinachohitaji kubadilika ni namna mnavyokusanya maoni.

Kwenye jaribio la Asch, mtu alipopata mwenzake mmoja tu anayetoa jibu sahihi, makosa yalishuka hadi robo ya yale ya mwanzo. Aliporuhusiwa kuandika jibu badala ya kulitamka, alifuata kundi mara chache zaidi. Hapo ndipo pa kushika.

Kabla ya mjadala, kila mwanachama apewe punje ya hindi na punje ya haragwe. Hindi ni tuuze, haragwe ni tusubiri. Wekeni ndoo mbili zenye mifuniko iliyotobolewa: moja ya kura, nyingine ya kutupia punje iliyobaki. Mkono uingie umefumbwa. Asiyejua kuandika anapiga kura sawa na mwalimu. Hesabuni mbele ya wote, na mtu asiulizwe kwa nini wala nani. Haragwe zikiwa tisa, wale tisa wanajua hapohapo kwamba hawako peke yao, na ndimi zitafunguka.

Kisha mjadala. Mwenyekiti azungumze wa mwisho, na kwa kikao hiki aongoze mtu mwingine, kwa sababu aliyeleta wazo huwa na haja ya kulitetea. Kila mmoja ataje jambo moja analolijua ambalo halijasemwa: mwenye mashine ya kukamua ananunua kwa bei gani wiki hii, gunia ngapi zimeshaanza kuota ukungu, nani ana deni linaloiva mwezi huu. Vikundi hupenda kurudia yale ambayo wote wanayajua, na taarifa ya mtu mmoja hupotea.

Pigeni kura ya punje mara ya pili, na hiyo ndiyo iingie kwenye muhtasari, pamoja na idadi ya waliokataa. Majina yao msiyaandike. Kama kura zimekaribiana, uzeni sehemu ya magunia na kubakiza sehemu.