Alama za majaribio ya kamera na lenzi: mimi ninavyozisoma

Mkuu, umeuliza kama inafaa uuze kamera yenye alama 91 za DxOMark (maabara inayopima kamera na lenzi) ununue yenye 96. Kwa tofauti hiyo pekee, hapana. DxOMark wenyewe wanaeleza kwamba pointi 5 za sensa (kipande kinachonasa mwanga ndani ya kamera) ni sawa na theluthi moja ya stopu, na stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu. Hiyo unaipoteza ukikosea kidogo tu kupima mwanga.

Namba ya jumla mimi siiangalii. Inatokana na vipimo vitatu: rangi, upana kati ya kivuli kizito na mwanga mkali, na ISO ya gizani (ISO ni kiwango cha wepesi wa kamera kwa mwanga). Shika kinachogusa kazi yako, vingine achana navyo. Mimi napiga zaidi harusi za usiku na matamasha, kwa hiyo naanza na ISO. Kipimo hicho wamekiita Sports, jina linalopotosha watu wengi, maana hakipimi fokasi wala idadi ya picha kwa sekunde. Kinakuambia tu unaweza kupanda hadi ISO gani kabla chenga (vidoa vinavyochafua picha) hazijavuka kiwango walichojiwekea. Kamera yenye fokasi nzito inaweza kung'ara hapo, halafu ikakukosesha bibi harusi anapoingia ukumbini.

Halafu sensa zinapimwa kwa RAW, yaani data ghafi kabla kamera haijaipika. Kama unapiga JPEG (picha iliyokwisha kupikwa na kamera) na kumkabidhi mteja hivyo hivyo, rangi ya ngozi inapikwa na programu iliyo ndani ya kamera, na alama hizo haziigusi kabisa.

Kwenye lenzi ndiko watu wanakopotea zaidi. Alama ya lenzi hutolewa ikiwa imefungwa kwenye bodi fulani (kamera yenyewe bila lenzi). Ihamishie bodi yenye megapikseli nyingi zaidi na ukali unaosomeka unapanda, kioo kikiwa kile kile. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha lenzi mbili, angalia zilipimwa na bodi ipi. Na grafu za MTF za watengenezaji, zile zinazoonyesha ukali wa lenzi? Baadhi ni hesabu za kompyuta, si lenzi halisi iliyopimwa.

Tena lenzi za modeli moja hazifanani. Niliwahi kushika mbili kwa wakati mmoja, na moja ilikuwa laini (haina ukali) upande wa kushoto hata nilipofunga tundu, yaani mlango wa mwanga wa lenzi, hadi f/5.6. Hakuna jedwali ambalo lingenionyesha hilo. Nilipiga ukuta wa matofali kwa tripodi, nikaliona.

Ninachochukua kwenye majaribio ni tabia ya lenzi kwa kila tundu: pembeni picha inakuwa kali kuanzia tundu lipi, kingo zina giza kiasi gani ikiwa wazi kabisa. Hilo linanisaidia kazini. Ukifika f/8 nyingi zinakaribiana, hata zile zilizopishana sana kwa alama.

Weka hapa picha mbili tatu zilizokukera, pamoja na ISO, tundu na kasi ya shata. Kama zimetetereka, sensa mpya haitakusaidia. Kama ni chenga kwenye kivuli, hapo tuna la kuzungumza.