Nimeacha kazi katikati ya mwaka, kodi nahesabu vipi?

SWALI: Assalam aleikum. Mimi nalikuwa supavaiza wa risepsheni hoteli moja huku Nyali, mwisho wa Juni 2025 nikaacha nikaanza kivyangu, nafundisha wafanyakazi wa mahoteli na mikahawa kuhudumia wageni, toka Shanzu mpaka Diani. Kazini nalikuwa nakatwa PAYE, kodi ya mshahara, kila mwezi. Sasa hoteli zengine zikinilipa zinakata asilimia 5, zengine zanipa pesa zote. Kijana wa saiba, duka la intaneti, aniambia nifaili P9 (karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi niliyokatwa) peke yake basi, biashara bado ndogo. Shemeji yangu naye asema nilipe asilimia 3 ya tanova, yaani kodi ya mauzo yote, kila mwezi. Naogopa kudaiwa deni nisilolijua. Nishike lipi?
Msomaji, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Usishike la yeyote kati ya hao wawili.

Tuanze na wa saiba manake ushauri wake ndio utakuumiza. Zile hoteli zilizokukata asilimia 5 zimeipeleka KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kwa PIN yako (namba ya mlipa kodi) na cheti chake kiko ndani ya iTax, mtandao wao wa kodi, kwa hivo hiyo biashara anayoiita ndogo ishaonekana zamani, na ukifaili P9 tu utakuwa umeficha mapato na juu yake umezitupa pesa zako mwenyewe, sababu hiyo asilimia 5 si kodi ya kumalizana, ni malipo ya mbele na unatakiwa uidai kwenye ritani, ile taarifa ya kodi ya mwaka.

Shemeji naye, tanova ni ya biashara zenye mauzo ya kuanzia milioni 1 mpaka milioni 25 kwa mwaka, duka, hoteli ya chakula, vitu kama hivo. Ada za mafunzo na za kitaalamu sheria imezitoa nje. Wewe haikuhusu hata ukivuka milioni.

Sasa hesabu. Mwaka wa kodi ni Januari mpaka Disemba, PIN moja, ritani moja, kwa hivo mshahara wa miezi 6 na faida ya miezi 6 vinaingia chungu kimoja. Hujaniambia pesa zako, nachukua mfano. Tuseme mshahara wako unaotozwa kodi, yaani baada ya kutoa makato ya NSSF (pensheni), SHIF (bima ya afya) na tozo ya nyumba, ulikuwa 80,000 kwa mwezi. Miezi 6 ni 480,000 na PAYE uliyokatwa ni kama 98,300. Kisha kwenye mafunzo umeingiza 400,000, gharama 120,000, faida 280,000. Jumla ya mwaka ni 760,000. Hapo 288,000 za kwanza zatozwa asilimia 10, hiyo ni 28,800, zinazofuata 100,000 ni asilimia 25, yaani 25,000, na 372,000 zilobaki ni asilimia 30, ambayo ni 111,600. Ukijumlisha ni 165,400, toa relifu, yaani nafuu ya kodi ya kila mtu, ya mwaka 28,800, inabaki 136,600. Toa PAYE, unadaiwa 38,300. Na kama katika zile 400,000 hoteli zilikata asilimia 5 kwenye 300,000, hiyo ni 15,000 tayari iko kwao, basi wewe unatoa mfukoni 23,300.

Hapa nataka uelewe kitu ambacho watu wengi wanaohama kazi hawaambiwi. Asilimia 30 ya faida yako ingekuwa 84,000, mbona ikatoka 38,300? Sababu PAYE inakatwa kila mwezi kana kwamba utalipwa mshahara huo mpaka Disemba, kumbe wewe ulisimama Juni, kwa hivo zile ngazi za chini za asilimia 10 na 25 za miezi 6 ya mwisho, pamoja na relifu yake, hukuzitumia kwenye mshahara na ni haki yako. Mtu aliyeacha kazi Juni asipate hata shilingi mpaka mwaka ukaisha, kwa mshahara huohuo, KRA ndio ingemdai yeye, kama 45,700 hivi, na wengi hawafaili kabisa wakadhani mambo yashakwisha.

Gharama ni zile za kazi tu. Kukodi ukumbi, kuchapisha vitabu vya mafunzo, nauli ya kwenda kufundisha. Kodi ya nyumba na karo za watoto hapana, tafadhali. Na toka 1 Januari 2024 gharama yataka risiti ya eTIMS, mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki, kwa hivo mwenye kuchapisha mwambie akupe yenye PIN yako. Wewe pia invoisi zako zitoke eTIMS, simu ndogo yatosha, ni *222#.

P9 idai kwa mwajiri wa zamani mapema, usingoje Juni. Ritani mwisho ni 30 Juni 2026 lakini pesa yenyewe mwisho ni 30 Aprili, na hapa ndipo watu wananaswa, wanalipa Juni wakidhani wako sawa kumbe washaongezewa asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Kuchelewa kufaili ni 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. SHA, bima ya afya ya serikali, pia hakuna wa kukulipia tena, jisajili ulipe mwenyewe.

Na mwaka 2026 wote ni wa biashara yako. Faida ikienda mwendo uleule itakuwa 560,000, kodi yake 76,600, na ikizidi 40,000 inalipwa kwa mafungu manne, tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Disemba, kama 19,150 kila fungu kabla ya kutoa zile asilimia 5. Kwa hivo Aprili 2026 ina malipo mawili, fungu la kwanza la 2026 tarehe 20 na salio la 2025 tarehe 30.