Mwanangu na watoto wa Soweto

Juni mwaka jana binti yangu wa darasa la sita alirudi nyumbani, hapa Nkuhungu, Dodoma, na ngonjera ya Siku ya Mtoto wa Afrika, ile ya kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini. Aliighani yote bila kukosea. Nikamuuliza, wale watoto waliandamana kwa nini? "Walikuwa wanadai haki." Haki ipi? Kimya.

Nikakosea: nikamhutubia. Nilianza na makaburu, sijafika hata kwa Mandela mtoto anapiga miayo. Kesho yake, tukimenya karanga, nikaona nimgeuzie swali. Ukiambiwa kuanzia Jumatatu hesabu ni kwa lugha ambayo hata mwalimu wako anababaika nayo, utafanyaje? Alicheka, kisha akanuna. Hapo Soweto ikamwingia: amri ya kufundisha hesabu na maarifa ya jamii kwa Kiafrikaans, lugha ya makaburu, wanafunzi kwa maelfu barabarani na mabango tarehe 16 Juni 1976, polisi wakafyatua risasi.

Ile picha ya Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12 aliyepigwa risasi siku hiyo, akabebwa mikononi, wazazi wengi huificha. Mimi nilimwonyesha, ila mchana, si saa ya kulala, na nikamweleza kwanza atakachokiona. Hakumwangalia Hector sana. Alimkazia macho dada yake anayekimbia pembeni. "Naye kavaa sare," akasema.

Jiandaeni kwa swali gumu. Langu lilikuwa hili: "Mama, mbona na mimi nikifika fomu wani nitasoma kwa Kiingereza?" Nilitamani kumtuma dukani. Nikamjibu kwamba ni kweli, na kwamba watu wazima nchini bado wanabishana kuhusu hilo. Kisha nikamwachia yeye aseme kwetu panafanana wapi na Soweto na panatofautiana wapi. Alisema mambo mawili ambayo mimi sikuyafikiria.

Na msimwache adhani ni habari za mbali. Tangu 1964 wapigania uhuru wa ANC, chama cha Mandela, walikuwa na kambi Kongwa, mkoani humu humu, na vijana waliokimbia baada ya 1976 walijengewa shule Mazimbu, Morogoro. Babu yake alikulia Kongwa, basi tukampigia simu. Mjukuu hakuuliza bunduki. Aliuliza wale wageni walikuwa wakiongea lugha gani.

"Kiswahili," babu akacheka, "cha kuchapia, lakini sokoni tulielewana."