Maswali ya Wasomaji: Kijana, benchi na kilo zake

Toleo lililopita tulisema kwa ufupi kwamba kijana wa skuli hakatazwi kupiga benchi (kulala chali kwenye benchi na kusukuma chuma juu kutoka kifuani), ila viwiko asivitanue mpaka vikawa mstari mmoja na mabega. Jibu lile limetuletea barua nyingi, kadhaa za kutupinga. Ukurasa wa leo wote ni wa jambo hilo.

Assalaam alaykum. Mwanangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Kila siku baada ya alasiri huenda maskani kunyanyua chuma walichokitengeneza wenyewe kwa bomba na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Majirani wananiambia atadumaa, hatorefuka tena. Baba yake anasema nimwache. Nishike la nani? (Mama wa Fuoni)

Waalaykumu salaam mama. Shika la baba yake, lakini kwa masharti.

Hofu ya majirani ina asili yake. Mifupa mirefu ya mtoto hukua penye ncha, kwenye tabaka la gegedu ambalo bado halijawa mfupa. Kwa wasichana wengi tabaka hilo hufunga kati ya miaka 13 na 16, kwa wavulana kati ya 15 na 18. Likivunjika vibaya kabla ya hapo, mfupa unaweza kukua kombo au ukabaki mfupi. Lakini kunyanyua kwa mpango na kwa mkao sahihi hakulivunji wala hakulifungi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, kinasema mazoezi ya nguvu ni salama kwa watoto na vijana wakipangiwa vizuri na kusimamiwa na anayejua. Shirika la Afya Duniani nalo linataka walio na miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki. Na tukumbuke kwamba kijana anayeruka kupiga kichwa kisha akatua kwa mguu mmoja, mguu ule hupokea mzigo mara kadhaa ya uzito wa mwili wake, na hakuna anayemkataza mpira.

Wanaoumia ni wale wanaoshindana nani zaidi, wasio na mtu wa kuwasimamia, na wale wanaoangukiwa na chuma. Hapo ndipo tunapolitilia shaka lile la makopo. Kopo la rangi la lita 4 likijazwa zege huwa na kilo 9 hadi 10. Moja likitiwa kokoto nyingi na jengine mchanga mwingi, yanaweza kupishana kilo nzima. Chuma kitalala upande, bega moja litabeba zaidi kila siku, na kijana atadhani ana mkono dhaifu. Wayapime yote mawili kwenye mizani ya duka la jumla (Pemba hata ile ya karafuu inatosha), na lililo jepesi waliongezee mpaka yalingane.

La pili ni zito zaidi. Chuma cha sahani kikimshinda mtu aliye peke yake, akiwa hakufunga vibanio, hukiinamisha upande mmoja sahani zikateleza chini. Makopo yamegandishwa kwenye bomba, hayaendi popote. Kwa hiyo mwanao asilale chini ya chuma kile hata mara moja bila mtu kusimama nyuma ya kichwa chake. Likimfika, akishushe kifuani, akisukume polepole kuelekea tumboni mpaka mapajani, kisha akae. Kamwe asikielekeze shingoni. Umwambie pia asipake mafuta ya nazi mikononi kabla ya mazoezi. Kwa joto letu hili jasho peke yake linatosha kutelezesha bomba.

Mmesema viwiko visitanuliwe. Hapa kwetu sote tunashusha chuma karibu na shingo, viwiko nje kabisa, na ndivyo kifua kinavyojaa. Kwenye video za simu nawaona wakubwa wa mchezo wanafanya hivyo hivyo. Mbona mnatutia woga? (Kijana wa Wete, miaka 19)

Ndugu yetu wa Wete, ni kweli viwiko vikiwa nje kifua hunyooka zaidi na utakisikia kinavutika. Tunachobishana nanyi ni bei yake. Mkono ukikaa digrii 90 na ubavu huku umebeba mzigo, kichwa cha mfupa wa mkono hupanda kuelekea kwenye paa la bega, na kano zinazopita hapo katikati hubanwa kila unaposhusha. Leo hutosikia kitu. Baada ya miezi utaanza kushindwa kuvua shati bila kukunja uso. Viwiko vikae kati ya digrii 45 na 70 na ubavu: anayekutazama kutoka juu aone mshale, asione msalaba.

Tuifuate kazi yote, maana kiwiko hakikai sawa kama vilivyotangulia haviko sawa.

Lala macho yawe chini ya chuma hasa. Ukilala nyuma zaidi, kila ukisukuma utagonga kulabu zinazoshikilia chuma. Ukilala mbele zaidi, utakitoa chuma kwa mabega na mkao wote utavunjika kabla hujaanza. Yabane makombe ya mabega pamoja, kisha yavute kuelekea kiunoni, na yabaki hivyo mpaka seti (marudio unayoyafanya bila kupumzika) imalizike. Hili ndilo wengi wanaloliacha. Makombe yakifunguka, mabega hupanda mbele na kifua hukosa pa kusukumia. Nyayo zikanyage chini nzima, makalio yasibanduke kwenye benchi. Upinde kidogo wa mgongo wa chini, wa kiasi cha kiganja kupita, ni wa kawaida na wala si udanganyifu kama baadhi yenu mlivyoandika. Kinachobishaniwa kwenye mashindano ni upinde mkubwa unaofupisha safari ya chuma, ndiyo maana tangu mwaka 2023 shirikisho la kimataifa la mchezo wa kunyanyua nguvu (powerlifting), IPF, linataka kiwiko kishuke mpaka kilingane na sehemu ya juu ya bega au kipite chini yake.

Upana wa mkono unaujua hivi: chuma kikiwa kifuani, vigasha vyote viwili visimame wima. Vikiinamia nje umeshika kwa upana mno, vikiinamia ndani umebana mno. Chuma cha mashindano kina alama mbili zilizoachana sentimita 81, na huko kidole cha shahada hakiruhusiwi kuzivuka. Vijana wengi wataona mahali pao ni ndani ya alama hizo, tena mbali nazo. Kidole gumba lazima kizunguke chuma. Chuma kikae chini ya kiganja, juu ya mfupa wa kigasha. Kikikaa karibu na vidole, kifundo cha mkono hukunjika nyuma na maumivu yake huchukua muda mrefu kuondoka.

Sasa vuta pumzi ujaze tumbo, kitoe chuma mikono ikiwa imenyooka, kilete juu ya mabega. Kishushe kwa muda wa sekunde mbili mpaka kiguse chini kidogo ya chuchu. Kitulize kidogo, kisha kisukume juu na nyuma kidogo, kimalizie juu ya mabega. Njia yake ni mshazari. Anayekisukuma wima kutoka pale chini hujikuta kilo zote ziko mbele ya bega, na ndipo kinapomshinda katikati ya safari. Pumzi iachie ukishapita pagumu. Mwenye shinikizo la damu asiizuie kabisa, atoe pumzi wakati wote wa kusukuma.

Na wacheni kudundisha. Chuma kinachodunda kwenye mbavu kinanyanyuliwa na mbavu, kifua hakijafanya kitu. Siku kidari kitakapoumia mtalala bila kupiga benchi wiki kadhaa.

Kuhusu video: Julius Maddox wa Marekani alisukuma kilo 355 mwaka 2021 bila shati la kusaidia, naye ni mtu mzima aliyezidi miaka 30. Wengine mnaowaona wamevaa mashati magumu yanayojikunja kama springi na kurudisha chuma juu, na njia ya chuma chao hubadilika kufuata shati. Mkao wa shati lile mkiuiga kwa fulana ya pamba mtaumia.

Sisi ni skuli hapa Chake Chake. Tunataka fundi wa kuchomelea atutengenezee benchi. Tumpe vipimo gani? Na wanafunzi waanze na kilo ngapi? (Mwalimu wa michezo)

Maalim, mpe fundi vipimo vya mashindano, havina gharama zaidi: urefu usipungue sentimita 122, upana 29 hadi 32, kimo kutoka sakafuni hadi juu ya godoro 42 hadi 45. Mafundi hupenda kupanua wakidhani wanaongeza raha. Benchi pana huzuia makombe ya mabega yasikae, na viwiko hugonga pembeni. Mwanafunzi mfupi ambaye nyayo hazifiki, muwekee mbao imara chini ya miguu, asininginize. Kulabu ziwe za kupandisha na kushusha, na pembeni kuwe na vyuma viwili vya kukingia, chini kidogo ya kimo cha kifua. Vijaribuni kwa chuma kitupu kabla ya siku ya kwanza. Upepo wetu wa bahari hula mahali palipochomelewa chini ya rangi bila kuonekana, kwa hiyo kila mwezi mtu apagonge kwa nyundo ndogo na akaze skurubu.

Kuhusu kilo, chuma cha mashindano peke yake ni kilo 20, na kwa wengi wa kidato cha kwanza hicho ni kizito tayari. Waanzie na pushapu. Asiyeweza 10 zilizonyooka, mwili usiolegea kiunoni, hana haraka ya kulala kwenye benchi. Kisha fimbo ya ufagio kwa wiki moja, ili mkao ukae. Baada ya hapo mpe uzito anaoweza kuurudia mara 12 hadi 15, akimaliza bado ana mbili za akiba. Seti moja au mbili wiki za mwanzo, baadaye mbili hadi tatu, siku mbili au tatu kwa wiki na siku ya kupumzika katikati, mfano Jumatatu na Alhamisi. Kwa kila seti ya benchi afanye na seti ya kuvuta, ili mgongo usiachwe nyuma na mabega yasije yakakunjika mbele.

Akifika 15 safi siku mbili za mazoezi zinazofuatana, ongeza asilimia 5 hadi 10 tu. Kwenye kilo 20 hiyo ni kilo 1 au 2. Maskani nyingi hukwama hapa: wana makopo madogo na ndoo kubwa, hakuna cha kati. Ndoo ya lita 20 ya zege inakaribia kilo 48, na mbili pamoja na bomba zinapita 100. Shoneni mifuko midogo ya mchanga ya nusu kilo na ya kilo moja, muifunge kwa nguvu kwa vipande vya mpira wa ndani wa baskeli, sawa pande zote mbili.

Kupima nani ana nguvu kwa kunyanyua mara moja tu kiasi cha mwisho, msiwaruhusu. Hesabu inatosha: zidisha kilo kwa idadi ya marudio, gawa kwa 30, jumlisha na kilo zenyewe. Aliyepiga kilo 40 mara 8 ana uwezo wa karibu 51. Ikizidi marudio 10 hesabu hupotea.

Msaidizi asimame nyuma ya kichwa, mikono chini ya chuma bila kukigusa, na wakubaliane neno kabla ya kuanza. Achukue mara tu chuma kinaposimama au kurudi chini. Wakiwa wawili pembeni, wainue pamoja. Mmoja akiwahi, chuma huzunguka na kumpiga aliyelala.

Poda na sindano za misuli zinazouzwa mtaani, zina madhara kwa mtu wa miaka 17? (Mwanakwerekwe)

Sindano ndizo zinazofupisha mtu kweli. Dawa za homoni za kukuza misuli hulifanya lile gegedu la mifupa lifunge kabla ya wakati, na huathiri ini, moyo na korodani. Usiguse. Poda ya protini ni chakula tu, ila ya mtaani hujui imechanganywa na nini. Mtu wa kilo 60 anayefanya mazoezi anatosheka na gramu 72 hadi 96 za protini kwa siku, na gramu 100 za samaki humpa 20 na kitu, yai moja 6. Dagaa, kunde na maziwa hujaza iliyobaki.

Wasichana je? (Mwanafunzi, Bububu)

Yote hayo hayo, kilo kwa kilo unazoweza. Mifupa yako inahitaji mzigo kama ya kaka zako.

Bega langu linauma mbele nikishusha chuma. Niendelee kidogo kidogo? (Mkoani)

Hapana. Acha benchi wiki mbili. Fanya pushapu ukiwa umeegemea ukuta, au dambeli ukiwa umelala sakafuni, viganja vikitazamana, viwiko karibu na ubavu. Sakafu itakuzuia usishuke kupita kiasi. Ukirudi, anza na nusu ya kilo ulizokuwa nazo na uanze kwa kutazama upana wa mkono. Maumivu yakikuamsha usiku, au mkono ukifa ganzi, nenda hospitali. Ukisikia kitu kimekatika na kifua au mkono ukavilia damu, nenda siku hiyo hiyo, kwani kano iliyokatika hushonwa vizuri zaidi mapema.