Mumeo Hakukimbii Wewe, Anakikimbia Chumba

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 26, naishi Mbagala na mume wangu ambaye ni dereva wa daladala. Tumepanga chumba na sebule, ndoa ina mwaka wa pili, mtoto bado. Mimi nauza ubuyu na barafu hapa mlangoni. Chumba chetu cha kulala ni kidogo, futi tisa kwa kumi, nikaona nikipambe ili mume wangu akirudi ajisikie yuko kwake. Nikanunua kitanda cha sita kwa sita kwa laki tano, kabati la milango mitatu kwa laki nne, meza ya kujipambia yenye kioo kwa laki mbili, zulia la manyoya na pazia zito la mahameli, na ukuta mzima nikabandika karatasi za maua. Kitanda alichotupatia mama mkwe wakati tunaoana, cha mninga, tano kwa sita, nilimuuzia jirani kwa sababu kilikuwa cha kizamani. Kabati limeziba dirisha, ndipo pekee lilipoenea.*

*Badala ya shukrani, huu mwezi wa tatu analala kwenye kochi. Anasema chumbani kuna joto na anakohoa. Yeye huamka saa tisa usiku, na alipokuwa akilala ukutani alikuwa akiniruka mpaka ananikanyaga, tukawa tunagombana. Jumanne ndiyo siku anayonuna kuliko zote. Mwezi uliopita mama yake alikuja kwa siku tatu, tukamlaza sebuleni. Akamwambia mwanawe kwamba chumba chetu hakina hata pa kukanyaga malaika. Nimeumia sana. Shangazi, ana mwanamke nje? Na huyu mama mkwe nimfanyeje?*

*Niliyeumia, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Kulala peke yako na ndoa bado mbichi kunauma, nakupa pole kwa hilo.

Sasa tuzungumze. Barua yako nimeisoma mara tatu na huyo mwanamke wa nje simwoni. Ninayemwona ni mwanamume anayeamka saa tisa usiku, anashinda kwenye usukani akitafuta mafuta na hesabu ya tajiri mwenye gari, kisha anarudi kwenye chumba kisicho na pa kumweka. Hebu nijibu: siku tatu alizolala mama yake sebuleni, yeye alilala wapi? Chumbani, ubavuni pako, kwa sababu kochi lilikuwa na mwenyewe. Hakwenda kwa rafiki wala hakusingizia safari. Mama mkwe wako alimsikia mwanawe akikohoa usiku kucha nyuma ya pazia la mlango, kulipokucha akasema alichosema. Mtu anayemkimbia mkewe hafanyi hivyo. Mumeo anakikimbia chumba.

Na hilo la kukuruka. Kitanda umekisukuma ukutani, mwenye kuamka saa tisa ukamweka ndani, wewe wa kuamka saa kumi na mbili ukalala nje. Kila usiku mtu mzima apande juu yako gizani, miguu ikitafuta sakafu, nawe umgombeze! Akaona heri alale kwenye kochi ili asikukatize usingizi. Umeisoma huruma yake ukadhani ni dharau.

Chukua kalamu tupige hesabu. Chumba chako ni futi za mraba 90. Kitanda cha sita kwa sita kimekula 36. Kabati la milango mitatu halipungui futi tano kwa mbili, hizo 10. Meza ya kioo weka 6. Zimekwenda 52, zimebaki 38, na katika hizo mlango unafungukia ndani na kudai kama 9. Zinazosalia si nafasi, ni vipande vya nafasi vilivyotawanyika, huku futi moja na kule futi moja na nusu, mtu anapita kiubavuubavu ameshika nguo yake isinase. Mama mkwe wako hakukutukana. Alipima kwa macho akasema kweli, na mimi niko upande wake.

Kikohozi nacho usikifanyie mzaha. Dirisha ni moja tu na umeliziba kwa kabati, halafu juu ya kabati ukatundika mahameli. Chini kuna zulia la manyoya linalokunywa vumbi, na Mbagala vumbi tunalijua. Ukutani kuna karatasi zilizobandikwa kwa gundi juu ya plasta ya nyumba ya kupanga. Inua kona moja ya karatasi nyuma ya kichwa cha kitanda, pale chini karibu na sakafu. Nina hakika utakuta madoa meusi na harufu ya kitambaa kilicholala na maji. Huo ni ukungu, na mumeo anauvuta kila usiku kwenye chumba kisichopitisha hewa. Akiendelea kukohoa hata baada ya kuyatoa hayo yote, mpeleke hospitali akapimwe kifua.

Sasa nije kwenye lile ulilolificha. Kitanda laki tano, kabati laki nne, meza laki mbili, tumeshafika milioni moja na laki moja, hapo sijagusa zulia, pazia wala karatasi. Mwanangu, ubuyu na barafu za mlangoni hazikununua vitu hivyo kwa mkupuo. Na kwa nini anune Jumanne? Kwa nini isiwe Ijumaa au siku ya kodi? Jumanne ni siku ya rejesho. Umechukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, bila kumwambia, kila wiki unahangaika kutafuta pesa ya kupeleka, na mumeo ameshajua. Mtaani habari haikai, na wakopeshaji wale hawana aibu ya kumpigia simu yeyote. Anajua, anangoja umwambie mwenyewe. Ndiyo maana ananuna na haulizi. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Nikuulize na hili. Katika barua nzima umeandika ulinunua, uliweka, ulibandika, uliuza. Hujaandika hata mara moja kwamba ulimuuliza. Kitanda cha mama yake umekiuza kwa jirani, na kila akitoka anapita mlangoni kwa huyo jirani! Mninga ule huenda mama aliuchangia kwa miaka kabla ya harusi yenu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Umeacha mbachao, na huo msala bado unalipiwa kila Jumanne.

Hapa nitasema na wengine wanaonisoma, maana barua za namna hii zimenijaa. Siku hizi chumba cha wanandoa kinapigwa picha kabla hakijalaliwa. Binti anaona chumba cha mtu kwenye simu, chumba cha futi ishirini chenye madirisha matatu, anataka kukihamishia chote kwenye futi tisa za Mbagala. Zamani mwari alipofundwa, somo alimwambia chumba cha ndoa hakina mgeni. Alimfundisha kutandika shuka mpaka isiwe na mkunjo, kufukiza udi, kukunja kanga na kuondoa chombo kisicho na kazi. Hakumfundisha kununua kabati. Leo kwenye sherehe za kumuaga binti tunashindana nani ametoa kitu kikubwa zaidi, na hakuna shoga hata mmoja anayeuliza mlango wa bibi harusi una upana gani. Wanaume nao hawajasalimika, wapo wanaonunua runinga ya ukuta mzima na godoro limebonyea katikati. Lakini leo barua ni yako.

Chumba kidogo si aibu, tena watu wa pwani walikijua mno. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar vyumba vyake vingi ni vyembamba, kwa kuwa dari lilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba ukaishia boriti inapoishia, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu. Zako futi tisa zimo humo humo. Na ndani ya vyumba hivyo wameishi watu wenye mali. Walipaka ukuta chokaa nyeupe ili mwanga mdogo uenee. Vyombo vya fahari waliviweka kwenye zidaka, yaani vishubaka vilivyojengwa ndani ya ukuta, visile sakafu. Kitanda, ile samadari, kilikuwa juu kiasi kwamba wengine walipanda kwa kigoda, na chini yake vitu vikahifadhiwa. Mimi mwenyewe niliolewa Tanga kwenye chumba kisichozidi chako. Kamba moja konani ilibeba nguo zetu zote, mbele yake nikashusha doti ya kanga, pande mbili sikuzikata. Aliyeingia aliona kanga, hakuona nguo.

Ukienda kufanya yako, anza na dirisha. Kabati liondoke, mahameli yashuke, na uweke pazia jepesi linalopepea. Zulia la manyoya liuze, mkeka wa ukili unafagiliwa na kuanikwa juani. Karatasi zilowanishe kwa maji ya uvuguvugu, zikwangue, palipo na ukungu pafute kwa maji yenye jiki huku dirisha liko wazi, kisha ukuta ukauke siku mbili tatu. Mwombe baba mwenye nyumba ruhusa ya kupaka rangi, wengi hawakatai kwa kuwa nyumba ni yao. Chagua nyeupe au rangi ya maziwa. Kuta zako hazizidi mita za mraba 30, na lita moja ya rangi ya maji hupaka kama mita 10, kwa hiyo lita 6 zinatosha mikono miwili. Rola mnaweza kushika wenyewe, msilipe fundi. Kioo usikiuze, kibandue kwenye meza na ukitundike ukuta unaotazamana na dirisha, mwanga utaingia mara mbili. Nguo zikae kwenye bomba la pazia konani na kanga mbele. Mabegi na mashuka ya akiba yaingie mvunguni, na hapo ndipo utakapojua kwa nini kitanda cha mama mkwe kilikuwa na miguu mirefu.

Kitanda hicho kikombolee. Nenda kwa jirani kwa adabu, mwambie ulikosea, mwongezee kidogo kama atataka. Cha sita kwa sita, kabati na meza uza hata kwa hasara, na pesa yote ikapunguze deni, usinunulie hata ua la plastiki. Unapokwenda kulipa, muulize mkopeshaji leseni yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka awe nayo, na inatolewa na Benki Kuu. Asipokuwa nayo, usisaini karatasi nyingine, na zile ulizonazo ziweke pamoja na risiti zako zote.

Lakini kabla ya fundi wa kubeba na kabla ya rangi, zungumza na mumeo. Subiri siku asiyoingia barabarani, akishaoga na kula, umpe karatasi ya mkopo mkononi. Usianze na machozi, wala usianze na mama yake. Mwambie kiasi ulichochukua, ulicholipa na kilichobaki. Atakasirika, mwache akasirike. Hasira hiyo ameibeba miezi mitatu.

Mama mkwe mpigie wewe, si mwanawe. Mwambie, "Mama, nilikosea kuhusu kitanda, nakirudisha. Ukija tena, uniambie nikiweke wapi." Atakuambia, nina hakika.

Kitanda kikifika, kichwa kielekee ukuta wa futi tisa, katikati. Cha tano kinakuachia futi mbili kila upande, hakuna wa kumruka mwenzake. Upande wa mlangoni ni wa mumeo.